GAD65 na kisukari cha aina ya kwanza: inatengenezwaje, inapima nini, na kwa nini majibu hasi si ruhusa ya kuacha insulini

MaabaraKwanza (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye makundi ya wazazi wenye watoto wa kisukari kuna swali halikauki: "Mtoto amepimwa GAD, majibu haya yana maana gani?" Siku hizi limeongezeka jambo linalonitia hofu zaidi. Watu wanatumiana tangazo la "protini ya GAD65" inayouzwa mtandaoni, wakiambiwa ukimchoma mtoto inafufua kongosho. Mimi ni mtu wa maabara, upande wa vipimo vya kinga, na protini hiyo ndiyo ninayoshinda nayo kazini. Nimeona nifungue uzi mmoja niweke ninachokijua. Ni mrefu, lakini anayeuguza mtoto najua atausoma.

Insulini hutengenezwa na seli za beta. Seli hizo zimo kwenye vijisiwa vya Langerhans, vikundi vidogo vilivyotawanyika ndani ya kongosho, na ukivikusanya vyote ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya kongosho zima. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili inazigeukia seli hizo na kuziua kidogo kidogo, miezi au hata miaka kabla mtoto hajaanza kukojoa mara kwa mara na kukonda. Muda wote huo damu yake huwa tayari ina kingamwili (protini ambazo kinga hutumia kushika inachokiona adui) dhidi ya protini za seli za beta. Zinazopimwa zaidi ni nne: zile dhidi ya insulini yenyewe, dhidi ya IA-2, dhidi ya ZnT8, na dhidi ya GAD65.

GAD65, ambayo kwenye majibu wengi huiita GAD tu, ni kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia) kinachogeuza glutamati kuwa GABA, kemikali inayotuliza seli za neva kwenye ubongo. Seli za beta nazo zinacho. Kina asidi amino 585, na bila vitamini B6 kushikamana nacho hakifanyi kazi. Kina ndugu yake, GAD67. Wanafanana sana isipokuwa sehemu ya mwanzo, kiasi cha asidi amino 100 za kwanza, na jeni zao zinakaa mbali: ya GAD65 iko kromosomu ya 10, ya GAD67 iko kromosomu ya 2. Wagonjwa wa kisukari wanayo zaidi kingamwili ya GAD65.

Namna ilivyogunduliwa inanivutia mpaka leo. Mwaka 1982, huko Denmark, Steinunn Baekkeskov, Åke Lernmark na wenzao walichukua seramu (majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda) za watoto waliogundulika na kisukari karibuni, wakazichanganya na protini za vijisiwa vya kongosho la binadamu. Kingamwili za watoto zikaivuta protini moja yenye uzito wa karibu kilodaltoni 64. Ni protini gani? Hakuna aliyejua. Wakaiita 64K, basi. Vijisiwa ni haba, na kupata kiasi cha kutosha kuisoma ilikuwa shida kubwa. Jibu likaja kwa mlango ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Mwaka 1988 kundi la mtafiti Pietro De Camilli lilikuwa linachunguza ugonjwa adimu wa neva unaokakamaza misuli ya mgongo na tumbo. Likakuta mgonjwa mmoja, aliyekuwa na kisukari pia, ana kingamwili dhidi ya GAD; baadaye likakuta na wengine. Mwaka 1990 pande hizo mbili zikaungana na kuonyesha kwamba ile 64K ni GAD. Mwaka uliofuata jeni ya GAD65 kutoka vijisiwa vya binadamu ikasomwa yote.

Ukishakuwa na jeni, huhitaji tena kongosho la mtu. Unaichukua jeni ya binadamu, unaipachika kwenye bakulovirusi, yaani virusi vinavyoshambulia wadudu, kisha unaviingiza kwenye seli za mdudu zinazokuzwa ndani ya tangi la maji yenye virutubisho. Seli zile zinafuata maagizo ya jeni na kutoa GAD65 ya binadamu. Kisha unazipasua na kuisafisha protini. Hiyo ndiyo inayoitwa protini rikombinanti. Seli zinazotumika mara nyingi zinaitwa Sf9, na asili yake ni ovari za Spodoptera frugiperda. Wakulima wa mahindi mnamjua: ni yule kiwavijeshi vamizi aliyetumalizia mashamba tangu 2017. Wengine hutumia hamira badala ya mdudu, nayo inatoa protini nzuri.

Sasa kipimo chenyewe. Kifurushi ninachokitumia kina sahani ya visima 96, na ndani ya kila kisima GAD65 imekwisha kugandishwa chini. Ninaweka mikrolita 25 za seramu ya mgonjwa, sahani inatikiswa taratibu kwa saa moja. Kama kingamwili ipo, mkono wake mmoja unashika GAD65 iliyo chini. Ninaosha. Naongeza GAD65 nyingine, hii imefungwa kwenye biotini (vitamini inayotumika hapa kama kishikio), na ule mkono wa pili wa kingamwili unaidaka. Naosha tena, naweka kimeng'enya kinachoshika biotini, naosha, kisha rangi. Penye kingamwili maji yanageuka bluu. Nikidondosha asidi ya kusimamisha yanakuwa njano, na mashine inasoma ukali wa njano hiyo kwenye mawimbi ya nanomita 450. Njano kali, kingamwili nyingi. Namba inayotoka inalinganishwa na sampuli ya rejea ya Shirika la Afya Duniani, namba 97/550, ili jibu la Dar na la Stockholm yaweze kuzungumza.

Shikeni hili: kipimo kinatafuta alama za vita dhidi ya seli za beta. Hakipimi kama mtoto anahitaji insulini au hahitaji. Nitalirudia huko chini kwa sababu watu wanaumia hapo.

Karibuni.

biokemia_mwaka3

Mkuu asante kwa somo. Swali la kitaaluma kidogo. Insulini ya binadamu inatengenezwa kwenye bakteria E. coli tangu 1978, na 1982 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Kwa nini GAD65 ihangaikiwe na seli za wadudu wakati bakteria ni rahisi na wanakua haraka?

MaabaraKwanza

Swali zuri mdogo wangu. Insulini ina asidi amino 51 tu. Hata ikitoka kwa bakteria ikiwa imejikunja vibaya, wanaifungua na kuikunja upya. GAD65 ina 585, na inatembea wawili wawili. Ndani ya bakteria nyingi yake hujisokota na kuganda.

Kwa kipimo cha kisukari hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu kingamwili za mgonjwa wa kisukari zinatambua umbo la protini ikiwa imekunjwa sawasawa. Ukiinyoosha protini kwa sabuni na joto, kama tunavyofanya tukiitenganisha kwenye jeli, seramu nyingi za kisukari haziioni kabisa. Wale wagonjwa wa misuli kukakamaa ni tofauti: kingamwili zao ni nyingi mno na zinaitambua hata ikiwa imenyooshwa. Ndiyo maana wao ndio waliofungua fumbo.

Na hata protini nzima yenye umbo zuri bado ina kasoro. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba ukikata asidi amino 95 za mwanzo ukabaki na kipande cha 96 hadi 585, kipimo kinawatenga vizuri zaidi watu ambao kweli wataelekea kwenye kisukari. Baadhi ya watu wana kingamwili za ile sehemu ya mwanzo, na hazina uzito mkubwa kwenye ugonjwa. Kama unatafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, hapo pana chakula.

biokemia_mwaka3

Nimeshaandika pembeni. Shukrani sana.

MamaIrene_Moro

Habari zenu. Mimi ni mama, naomba mnisaidie kwa lugha nyepesi. Mwanangu ana miaka 9. Alilazwa akiwa hoi, sukari haisomeki kwenye mashine, wakamwanzishia insulini. Baadaye ndugu zetu wakatuchangia, tukapeleka damu ikapimwe GAD, majibu yakarudi hasi. Mtu mmoja anayejiita mtaalamu wa lishe akatuambia basi huyu hana kisukari cha aina ya kwanza, ana cha pili, tumwachishe sindano tumpe dawa zake za majani. Baba yake ameanza kukubali. Mimi roho inakataa. Nifanye nini?

MaabaraKwanza

Mama Irene, roho yako iko sahihi. Usimwachishe mtoto insulini. Tafadhali mwonyeshe baba uzi huu leo leo.

Majibu hasi ya GAD yana maana moja tu: kingamwili hiyo moja haikuonekana kwenye sampuli hiyo. Hata Ulaya, kati ya watoto 10 wanaogundulika na aina ya kwanza, wenye kingamwili ya GAD ni kama 7 au 8. Waliobaki wanaweza kuwa na IA-2 au ZnT8, au wasiwe nazo zote, na bado seli zao za beta zimekwisha. Kwetu Afrika ndiyo kabisa. Namwachia daktari wa watoto humu, yeye anaujua utafiti wa karibuni kunizidi.

DaktariWaWatoto_EA

Nimeitwa, nimekuja.

Mama Irene, pole sana kwa kuuguza. Ninachokuambia kina utafiti nyuma yake. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao YODA, uliofanyika Kamerun, Uganda na Afrika Kusini. Walipima watu 894 walioanza kisukari wakiwa wadogo na madaktari wakawahesabu kuwa ni aina ya kwanza. Wakatafuta kingamwili tatu: GAD65, IA-2 na ZnT8. Takriban asilimia 65 hawakuwa na hata moja. Yaani walio wengi, mama. Hawa hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili. Walikuwa na upungufu halisi wa insulini na walihitaji sindano. Waliwalinganisha na Wamarekani pia: kati ya Wamarekani weusi kundi la namna hiyo lilionekana, ingawa dogo zaidi, kama asilimia 15, na kati ya weupe halikuonekana kwa namna hiyo.

Kwa hiyo inawezekana Afrika Mashariki tuna kisukari cha watoto ambacho kinga haihusiki nacho, au haihusiki kwa namna tunayoijua. Chanzo chake bado kinatafutwa. Kitandani kwa mgonjwa, hata hivyo, jambo halibadiliki: mtoto aliyekuja hoi, mwembamba, sukari haisomeki, anaishi kwa insulini. GAD ikiwa hasi nabadilisha ninachoandika kwenye faili. Sindano siigusi.

Kipimo kitakachokusaidia zaidi kinaitwa C-peptidi. Seli ya beta ikitoa insulini, hutoa na C-peptidi kwa idadi ileile, na sindano unayomchoma haina C-peptidi. Kwa hiyo ukiipima unajua kongosho lake lenyewe bado linatoa kiasi gani. Usiharakishe kuipima wiki za mwanzo, maana sukari iliyopanda sana huzipumbaza seli zilizobaki. Mwulize daktari wa kliniki yako ya watoto lini inafaa. Hata ikionyesha kuna insulini iliyobaki, kupunguza dozi ni uamuzi wa kliniki, hatua kwa hatua, mkiwa na mashine ya kupimia mkononi.

NesiWaZamu

Naongeza la wodini. Mtoto wa insulini akiachishwa, dalili huja ndani ya siku chache, wengine ndani ya saa. Anaanza kiu na mkojo mwingi, anatapika, analalamika tumbo, halafu anapumua kwa kina na kwa haraka na pumzi ina harufu ya matunda yaliyoiva sana. Hapo usimpe kitu chochote cha kienyeji, kimbia hospitali na uwaambie wazi: "Huyu ana kisukari, ameacha insulini." Nawaomba mlitamke hivyo kwa sababu kutapika na kuhema vinafanana na malaria kali au nimonia, na mtoto anaweza kuanza kutibiwa kingine huku sukari inampeleka. Pima sukari ya kidole kwa kila mtoto mgonjwa mahututi. Inachukua sekunde.

MamaIrene_Moro

Mungu awabariki. Nimemsomea baba yake kwa sauti. Sindano inaendelea. Jumatatu tunakwenda kliniki kuuliza hiyo C-peptidi.

MwanaEldoret

Habari za humu, mimi niko Kenya. Nina miaka 41, nilipatikana na kisukari miaka miwili iliyopita nikaambiwa ni aina ya pili. Sina kitambi, kwetu hakuna mwenye sukari. Metformini ilisaidia miezi michache, sasa nimeongezewa tembe nyingine na bado sukari inapanda, na kilo zinapungua. Hiki kipimo cha GAD kinanihusu, ama ni cha watoto pekee?

MaabaraKwanza

Kinakuhusu kweli ndugu yangu, pengine kuliko wengi. Ipo aina ya kisukari cha kinga inayoanza ukubwani na kwenda taratibu, na mwanzoni inafanana na aina ya pili. Kwenye utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, matokeo ya 1997 yalionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya 10 waliohesabiwa kuwa na aina ya pili alikuwa na kingamwili za kongosho. Kwa wale wa miaka 25 hadi 34 waliokuwa na kingamwili ya GAD, asilimia 84 walikuwa wanahitaji insulini ndani ya miaka 6, wakati wasiokuwa nayo ni asilimia 14 tu. Umri wako umepita kidogo kundi hilo, lakini maelezo yako (mwembamba, tembe zinashindwa, kilo zinashuka) ndiyo hasa yanayomfanya daktari aagize GAD pamoja na C-peptidi.

Tena GAD ina faida moja kwa mtu mzima: kingamwili hii hukaa kwenye damu miaka mingi baada ya ugonjwa kuanza. Ile ya insulini haifai tena ukishaanza sindano, maana mwili unaweza kuzalisha kingamwili kwa ajili ya insulini unayochomwa.

Kilo zikiendelea kushuka usisubiri kipimo cha mbali. Nenda kliniki wiki hii wakupime na ketoni (asidi zinazojikusanya mwilini insulini ikipungua).

MwanaEldoret

Asante mkubwa. Naenda kesho.

Mzazi_Mwanza

Mleta uzi, hujagusa lile tangazo. Mimi ndiye niliyetumiwa. Kichupa kimeandikwa kwa Kiingereza "GAD65 rikombinanti ya binadamu", bei yake ni ya kutoa machozi, na mtu anasema Ulaya wanawachoma watoto hiyohiyo na wanapona. Nimeingia mtandaoni nikakuta kweli kuna majaribio Sweden. Sasa nisimwamini kwa lipi?

MaabaraKwanza

Majaribio yapo. Kupona hakupo. Acha nieleze kwa kirefu kwa sababu hapa ukweli nusu ndio unaotumika kuwaibia watu.

Kwanza kichupa. Protini zinazouzwa na kampuni za vitendanishi huandikwa "kwa utafiti tu". Zinasafishwa kwa kiwango cha kuganda kwenye visima vyangu. Hakuna aliyehakikisha kwamba hazina vijidudu wala mabaki ya sumu za bakteria kwa kiwango cha kumchoma mtoto. Pia hazina kile zinachochanganywa nacho kwenye majaribio. Zaidi ya hapo zinatakiwa kukaa kwenye baridi kali la kugandisha tangu zinapotoka kiwandani. Iliyosafiri kwenye begi la mtu imeshakufa njiani. Usinunue, Mzazi wa Mwanza. Usinunue.

Pili, wazo lenyewe lilitoka wapi. Mwaka 1993 makundi mawili ya Marekani yaliripoti kwenye jarida la *Nature* kwamba panya wa aina ya NOD, wanaopata kisukari cha kinga wenyewe, wakipewa GAD wakiwa wachanga, hawakupata ugonjwa. Kinga yao ilijifunza kuivumilia protini hiyo. Ilikuwa habari kubwa mno. Lakini kumbukeni kongosho la panya lina GAD67 zaidi na GAD65 kidogo sana, kinyume cha binadamu.

Huko Sweden wakaitengeneza GAD65 ya binadamu kwa kiwango cha dawa, wakaichanganya na chumvi ya alumini. Mwaka 2008 Johnny Ludvigsson wa Linköping na wenzake wakachapisha jaribio la vijana 70 wa miaka 10 hadi 18: sindano mbili za mikrogramu 20 chini ya ngozi. Kipimo kikuu walichojiwekea, C-peptidi ya asubuhi kabla ya kula baada ya miezi 15, hakikuonyesha tofauti. Lakini C-peptidi baada ya kula ilishuka polepole zaidi kwa waliopewa, hasa waliokuwa na ugonjwa kwa chini ya miezi 6. Matumaini yakapanda.

Yakafuata majaribio makubwa zaidi. 2011, la Marekani na Kanada, watu 145: hakuna tofauti. 2012, la Ulaya, vijana 334: halikufikia lengo lake. 2018, jaribio la Malmö kwa watoto 50 ambao bado hawakuwa wagonjwa ila walikuwa na kingamwili: kisukari hakikuchelewa. Mara tatu mfululizo. Kwenye majaribio hayo sindano haikuleta madhara makubwa, ila haikuwa na nguvu iliyotarajiwa.

Mpekuzi_Huru

Kwa hiyo miaka yote hiyo ni kampuni kutafuta pesa kwa matumaini ya wazazi. Kitu kimeshindwa mara tatu, wangekizika.

MaabaraKwanza

Mkuu, nakuelewa, ila hapo sikubaliani nawe. Waliochapisha matokeo ya kushindwa ni walewale waliokuwa wanaamini kwamba itafaulu. Ludvigsson ndiye mwandishi wa kwanza wa jaribio la 2008 na ndiye wa lile lililoshindwa la 2012. Mtu wa kuuza matumaini hafanyi hivyo. Lingekuwa la kuficha, Mzazi wa Mwanza asingelipata mtandaoni, na mimi nisingekuwa na la kumwonya nalo.

Tena hawakuishia hapo. Waliporudi kutazama upya data zote waliona waliofaidika wengi wao wana aina moja ya jeni za kinga, HLA DR3-DQ2. Wakabadilisha na njia: badala ya chini ya ngozi, sindano ikapigwa ndani ya tezi ya limfu ya kinena, wakiongozwa na mashine ya ultrasaundi, mara tatu, kila moja ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja, mikrogramu 4 tu kila mara, pamoja na vitamini D. Hilo ni jaribio la DIAGNODE-2, watu 109, matokeo yakatoka 2021. Kundi zima halikuonyesha tofauti ya uhakika. Wenye DR3-DQ2 ndio waliohifadhi C-peptidi zaidi. Ndipo jaribio la awamu ya tatu likapangwa kwa ajili ya wenye jeni hizo peke yao.

Mimi binafsi nina tahadhari na faida inayoonekana kwenye kikundi kidogo baada ya kundi zima kushindwa. Ukikata data vipande vingi, kimoja kitakuchekea. Lakini njia ya kujua ni kuwachagua watu hao tangu mwanzo na kujaribu upya, na hicho ndicho walichoamua kufanya. Nawaheshimu kwa hilo.

Na angalieni wanachotafuta hata wakifaulu: kubakiza seli chache za beta zilizo hai, sukari isiyumbe sana, mgonjwa asishuke ghafla usiku. Hakuna hata mmoja wao anayesema mtoto ataacha insulini.

DaktariWaWatoto_EA

Naunga mkono, na niongeze la kwetu. Kama zaidi ya nusu ya watoto wetu hawana kingamwili hizi, dawa inayofundisha kinga kuivumilia GAD65 haitawagusa, hata ikifaulu Ulaya. Ndiyo maana tafiti kama YODA zinaniuma moyoni kwa umuhimu wake. Tusipojua kisukari cha watoto wetu kinaanzaje, tutabaki kupokea dawa za ugonjwa wa watu wengine.

Mpekuzi_Huru

Hoja ya daktari imenigusa. Hilo la data za Afrika linahitaji uzi wake.

Mzazi_Mwanza

Nimeelewa. Hela ile nitanunua vijiti vya kupimia sukari. Swali la mwisho: mwanangu mkubwa ndiye mgonjwa, na GAD yake ni chanya. Ana mdogo wake wa miaka 4, mzima kabisa. Nimpime?

MaabaraKwanza

Ukiweza, zungumza na daktari kwanza muelewane mtafanya nini na majibu. Kingamwili moja peke yake haimaanishi mengi. Kwenye utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia watoto kutoka Ujerumani, Finland na Marekani, waliokuwa na kingamwili moja ni kama 15 kati ya 100 waliougua ndani ya miaka 10. Waliokuwa na mbili au zaidi ni kama 70 kati ya 100. Kwa hiyo ukipima GAD peke yake ikawa chanya, itabidi utafute na nyingine, na urudie kipimo baada ya miezi. Kwa mtoto mchanga usipime mapema kama mama mwenyewe ana kisukari cha kinga, kwa sababu kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kukaa miezi ya mwanzo.

Marekani, tangu Novemba 2022, wana dawa iitwayo teplizumabu inayochelewesha ugonjwa kwa wenye kingamwili mbili au zaidi ambao sukari yao imeanza kuyumba. Kwenye jaribio lake la 2019 ilisogeza ugonjwa mbele kwa miaka miwili hivi. Kwa bei yake, kwa familia nyingi za kwetu ni habari ya mbali.

Kwa huyo wa miaka 4, unachoweza kukifanya bila gharama kubwa ni hiki: mashine ya kaka yake iko nyumbani tayari. Akianza kunywa maji mengi, au akirudia kukojoa kitandani wakati alishaacha, au akikonda bila sababu, mpime kidole siku hiyohiyo, kwa kijiti kipya na sindano mpya. Ikisoma milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, usingoje kesho. Mpeleke kliniki ileile ya kaka yake, wanaujua ukoo wenu na watamwanzishia matibabu mapema kabla hajafika hali ya kulazwa.